Sura ya Tisa: Kisima Chini ya Kabati

"Ana kinywa, hana meno, akimeza hatemi," Inspekta alisema, amepiga goti pembeni ya shimo.

"Kaburi," Koplo akajibu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Karibu na hapo. Tia maji."

"Kisima."

"Umekipata. Sasa njoo unishikie futi, na usikanyage huo mkeka."

Koplo alikuja kwa kunyata kando ya ukuta. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na magoti yake yalishastaafu zamani. Alishika ncha ya futi, Inspekta akaivuta hadi upande wa pili, akaandika vipimo. Kisha akavunja kipande cha ubao wa kifuniko kwa vidole viwili. Kilimumunyuka kama mkate mkavu. Hapakuwa na alama ya msumeno wala patasi. Kuoza tu, kuoza kwa miaka na miaka.

Juu ya mbao zile palikuwa pametandikwa mkeka mpya wa plastiki, wa maua mekundu. Nusu yake ilikuwa imezama shimoni. Jana saa tano asubuhi walimtoa humo nesi wa hospitali ya mji, shingo imevunjika, ufagio bado umo mkononi. Ilikuwa siku yake ya kwanza ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alitangulia kufagia ili mumewe, fundi wa kutengeneza saa, alete vyombo jioni. Huyo mume watu wote walimwita Fundi Saa.

Na jana hiyohiyo, saa nane mchana, polisi walimkamata mjane aliyewauzia nyumba, mshonaji wa nguo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Kosa lake lilikuwa fupi kuliandika: aliuza nyumba akijua ina shimo la mauti, akaficha, mtu akafa. Faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka leo saa kumi. Likifika na jina lake, mama wa miaka sabini na mbili angelala gereza kuu mpaka kesi isikilizwe, na kesi za pale zilitembea kama kobe mwenye kidonda.

"Saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Tatu na robo."

"Basi tuna asubuhi na kipande cha mchana. Tazama hapa."

Kuzunguka shimo, kwenye saruji, kulikuwa na vishimo vinne vya mviringo, kila kimoja upana wa kikombe cha chai. Inspekta aliinua uso. Ukuta wa pili ulikuwa umeegemewa na kabati kubwa la mbao nzito, la droo sita, lenye miguu minne ya mviringo.

"Lilikuwa limekaa juu ya kisima," Koplo alisema. "Limekiatamia kama kuku."

"Miaka mingi, mpaka miguu ikachimba saruji. Sasa kuku ameondoka kwenye mayai. Lisukume."

Koplo akalisukuma kwa bega, akasukuma kwa mgongo, akalisukuma kwa matusi. Halikutikisika.

"Limejaa vyuma," alisema akihema. "Huku ndani kuna spana, mabomba, sijui nanga ya meli."

"Toa droo."

Walizitoa zote sita, moja moja, wakazipanga sakafuni. Kabati tupu lilisogea kwa mkono mmoja. Inspekta hakulitazama tena. Alikuwa amepindua droo ya kwanza, tochi mdomoni, akiangalia nyuma yake kwenye kona ya chini. Pale palikuwa na namba iliyoandikwa kwa penseli iliyochongwa sana, ndogo kama sisimizi: 1. Chini ya namba, nukta. Akapindua ya pili: 2, na nukta. Ya sita ilikuwa na 6, na nukta yake. Kila moja ilikuwa imerudishwa palepale ilipotolewa.

"Penseli ni mpya," alisema. "Haijashika vumbi. Aliyelisogeza kabati alitoa droo kwanza, na hakutaka zichanganyike."

"Mama Cherehani mwenyewe?"

"Tutamuuliza. Kabla ya hapo tukague nyumba nzima, kama utaratibu unavyotaka. Kuta, madirisha, paa. Ngazi iko nje."

"Afande, magoti haya?"

"Magoti yabaki chini. Wewe panda."

Koplo alipanda akiwataja wazee wake mmoja mmoja. Aliposhuka alikuwa na taarifa fupi: bati jipya, misumari mipya, hakuna hata tundu la sindano. Kuta hazikuwa na ufa. Milango ilifunga, madirisha yalifunguka. Nyumba nzima ilikuwa nzima, isipokuwa pale ilipokuwa na mdomo.

*

Chumba cha mahabusu wanawake kilikuwa na dirisha la ukubwa wa kitabu. Mama Cherehani alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele yake kama mtu aliyechoka kungoja gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mkate au umeniletea kamba?"

"Nimekuletea maswali. Kisima ulikijua?"

"Nisikijue vipi? Nimepika pembeni yake miaka thelathini na moja. Marehemu mume wangu alikifunika kwa mbao mwaka ule tulipoletewa bomba. Alikuwa fundi bomba, vyombo vyake vizito, akaviweka kwenye kabati, kabati akaliweka juu. Akasema, mke wangu, hapa sasa hata tembo hazami."

"Na ulipouza, ulimwambia nani?"

"Shemeji."

Shemeji alikuwa dalali wa nyumba. Aliitwa hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alimwita kila mtu shemeji, na hakuna aliyewahi kumjua dada yake.

"Ulimwambia lini?"

"Siku ya kwanza, hata hajakaa. Nikamshika mkono nikampeleka jikoni. Nikamwambia, hili kabati lisitoke hapa mpaka mtu amwage kifusi akijaze. Mnunuzi aambiwe. Akasema, mama, umefanya vizuri kuniambia mimi. Sasa usimwambie mtu mwingine. Wateja wakija, wewe toka, nenda kwa jirani. Mama, muuzaji akiongea nyumba haiuziki. Mimi ndiye mdomo wako."

"Ukakubali."

"Nikatia sahihi kwenye karatasi yake."

"Kwenye karatasi, kisima kimetajwa?"

"Limetajwa jina langu. Mwanangu, mimi darasa nililomaliza ni la kushona."

"Shahidi wa mazungumzo yenu?"

"Mungu na kabati."

Inspekta aliandika, akapiga mstari. Mungu na kabati wasingeitwa mahakamani.

"Bei uliyoitaka ndiyo uliyoipata?"

"Wapi! Yule Fundi Saa alikubali bei, tukashukuru. Akaja kuiangalia nyumba mara ya pili na Shemeji. Kesho yake Shemeji kanijia kakunja uso, eti mnunuzi ameona kasoro, bei ishuke robo nzima au anaondoka. Nikamuuliza, kasoro gani? Akasema, mambo ya kitaalamu hayo mama, usijichoshe kichwa. Nikaishusha. Mtu mzima peke yake, utabishana na nani?"

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Robo nzima. Kwa kasoro asiyoitaja."

"Hakuitaja."

"Siku ulipohama, kabati lilikuwa wapi?"

"Palepale. Nililiuza pamoja na nyumba, nani angelibeba?"

"Droo zake ziliwahi kuandikwa namba?"

Mama Cherehani alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama ameandika namba kwenye vidole vyake. "Za nini? Droo za marehemu nazijua hata kwa harufu."

*

Ofisi ya Shemeji ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi. Ukutani kulijaa picha za nyumba, zote zimepigwa wakati wa jua. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, mwepesi, mwenye funguo nyingi kiunoni. Akicheka, zilicheka naye.

"Karibu, shemeji! Koplo, shemeji yangu, kaa! Mmekuja kwa msiba wetu. Nimelia jana, jamani, nimelia."

"Uliambiwa kuhusu kisima?" Inspekta aliuliza. Hakukaa.

"Na nani? Yule mama? Hapana! Ningeambiwa ningenyamaza mimi? Uzee, shemeji. Wazee wanasahau, halafu wanakumbuka kwamba walikumbuka."

"Wewe ni wakala mwenye leseni."

"Iko hapo ukutani, katikati ya banda na ghorofa."

"Nijibu kama uko kwenye chumba cha mtihani. Wakala anamfanyia nini mteja wake?"

Shemeji alinyoosha tai. Hili alilipenda. "Anamtii. Anamwambia ukweli wote anaoujua kuhusu mali. Anatunza siri zake. Hamgeuki kwa faida yake mwenyewe wala ya mtu mwingine."

"Umepata mia. Mteja wako alikuwa nani?"

"Mama Cherehani."

"Na Fundi Saa?"

"Huyo nilimsaidia tu, kibinadamu."

Inspekta aliweka hati ya upekuzi mezani. Koplo alishafika kwenye rafu ya mafaili, na kidole chake kilishapata herufi. Alitoa karatasi mbili zilizobanwa pini moja. Ya kwanza: mjane amteua dalali awe wakala wake wa kuuza. Ya pili, ya siku nne baadaye: Fundi Saa amteua dalali huyohuyo awe wakala wake wa kununua. Nyumba ileile.

"Ubinadamu una muhuri siku hizi," Koplo alisema.

"Wengi wanafanya," Shemeji alisema. Funguo hazikucheka. "Pande mbili zikielewana, kosa liko wapi?"

"Mama alielezwa kwamba unamtumikia na mwenzake?"

"Angechanganyikiwa bure."

"Mlinzi mmoja, milango miwili," Inspekta alisema. "Mwizi anapita wapi?"

"Shemeji, mimi vitendawili niliviacha shuleni."

"Anapita kwa mlinzi." Akavuta kiti, akakaa sasa. "Tuje kwenye bei. Iliwahi kukubaliwa, halafu ikashuka robo. Ulimpelekea mama habari ya kasoro. Kasoro gani?"

"Paa. Lilikuwa linavuja."

"Koplo?"

"Bati jipya," Koplo alisema. "Nimelitembelea mwenyewe, na magoti yangu ni mashahidi."

"Basi kuta. Nyufa."

"Hakuna ufa. Nina vipimo vya kila chumba hapa. Nyumba ile haina kasoro hata moja, Shemeji, isipokuwa moja. Sasa sikiliza, maana njia ni tatu na sote tutapita mojawapo. Ya kwanza: hapakuwa na kasoro, uliizua. Ulimdanganya mteja wako mzee ili mteja wako mwingine apate nafuu. Huo ni utapeli, na pingu Koplo anazo. Ya pili: uliambiwa kuhusu kisima, ukakaa kimya kwa wote, na mtu amekufa kwa kimya chako. Hapo mama anatoka kule ndani na wewe unaingia, godoro bado lina joto. Ya tatu: uliambiwa, na ukasema."

Chini, kwenye duka la rangi, mtu alikuwa akigonga kopo kulifungua. Shemeji alisikiliza kopo lile mpaka likafunguka.

"Nikasema kwa nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hilo ndilo ninalokuuliza mimi. Wakala ni sikio la aliyemtuma. Ulipoambiwa wewe, nani mwingine aliambiwa?"

Shemeji aliinama, akafungua mtoto wa meza kwa ufunguo mdogo kuliko zote, akatoa bahasha. Aliiweka mezani kwa vidole viwili kama kitu chenye moto.

Ilikuwa karatasi moja, imeandikwa kwa mkono wa dalali mwenyewe, ya wiki mbili nyuma. *Mimi mnunuzi nimeelezwa na wakala wangu kwamba chini ya kabati la jikoni kuna kisima cha zamani chenye kifuniko cha mbao zilizooza. Bei mpya nimeikubali kwa kujua hilo, na sitamdai wakala lolote baadaye.* Chini palikuwa na mistari miwili ya sahihi. Wa kwanza ulikuwa na sahihi ya Fundi Saa, safi, herufi zimepangana kama meno ya gurudumu. Wa pili ulikuwa mtupu.

"Huu wa pili ulikuwa wa nani?"

"Wa mkewe. Nilitaka wote wasaini. Nyumba inaandikwa majina mawili, anayebaki anachukua yote. Nikaona ni vizuri wote wajue. Fundi akasema hapana, mke wangu mwoga, akisikia kisima hatakubali kuhamia. Nitakijaza mwenyewe kabla hajaingia. Usimwambie."

"Ukanyamaza."

"Aliyeniteua ni mume peke yake. Nesi hakuwa mteja wangu, shemeji."

Koplo alisema neno ambalo haliandikwi kwenye faili.

"Na jana?" Inspekta aliuliza. "Jana ulimwona mama anapandishwa kwenye gari. Karatasi hii ulikuwa nayo."

"Siri ya mteja! Umenisomesha wewe mwenyewe sasa hivi. Wakala anatunza siri."

"Mama naye alikuwa mteja. Siri yake uliitumia kumshushia bei."

"Ndiyo, lakini..." Shemeji alitafuta mwisho wa sentensi kwenye picha za ukutani. "Mimi nimeeleza ukweli kwa mhusika, kama leseni inavyotaka. Andika hivyo. Andika kwamba nilieleza."

"Nitaandika," Inspekta alisema, "neno kwa neno. Simama."

*

Saa saba na nusu Fundi Saa alikuwa kazini. Kibanda chake kilikuwa cha kioo pande tatu, kwenye baraza la jengo la ofisi. Alikuwa mtu mwembamba, amefunga kitambaa cheusi kwenye mkono wa shati, lenzi jichoni. Mbele yake, juu ya gazeti, saa kubwa ya ukutani ilikuwa imefunguliwa yote.

"Pole kwa msiba," Inspekta alisema.

"Ahsante."

"Hukufunga leo?"

"Wateja wanataka saa zao. Mama mkwe wangu amekaa na wageni nyumbani." Alivua lenzi. "Yule bibi ameshapelekwa mahakamani?"

"Saa kumi. Nina maswali machache ya kufungia faili. Kisima ulikijua?"

"Ningekijua ningenunua?"

"Jikoni uliingia mara ngapi?"

"Sikuingia. Jiko ni la mwanamke. Niliangalia sebule na chumba cha kulala, nikaridhika."

"Kabati lilisogezwa. Nani alilisogeza?"

"Marehemu, labda. Alipenda kupangapanga vyombo."

"Kabati lile? Koplo hapa ameshindwa nalo."

"Angetoa droo kwanza," Fundi Saa alisema. "Ukitoa droo linakuwa jepesi."

Inspekta aliliandika jibu lile taratibu, mpaka nukta ya mwisho, ili kila mtu aliyekuwa pale apate muda wa kulisikia. Mtu ambaye hajaingia jikoni alijua kwamba kabati lina droo, na kwamba droo ndizo zilizokuwa na uzito.

Kisha akainama juu ya gazeti. Saa ya ukutani ilikuwa na kasha la mbao, na Fundi alikuwa amelitenganisha vipande saba. Kila kipande kilikuwa na namba kwenye kona, kwa penseli iliyochongwa sana, ndogo kama sisimizi. Chini ya kila namba palikuwa na nukta.

"Hii nukta ya nini?"

"Ili sita isigeuke tisa. Kipande kikigeuka juu chini, unapotea."

"Mafundi wote wanafanya hivi?"

"Mimi nilijifundisha. Miaka ishirini sijawahi kurudisha kitu mahali pasipo pake."

"Koplo," Inspekta alisema.

Koplo aliweka droo juu ya kaunta ya kioo, mgongo wake juu. Ilikuwa ile ya sita. Namba na nukta yake zilimtazama Fundi Saa kutoka kwenye kona. Pembeni yake Inspekta akaweka karatasi ya dalali, sahihi juu.

Fundi Saa alivaa lenzi yake tena. Akaisogelea droo, akaisoma. Akaisogelea sahihi, akaisoma. Alichukua muda uleule kwa zote mbili.

"Shemeji alisema karatasi ameichoma," alisema mwishowe.

"Shemeji anatunza kila kitu kinachomlinda. Ulikwenda lini?"

"Juzi jioni. Nilitoa droo, nikasogeza kabati, nikatandika mkeka, nikarudisha droo." Alisema kama anayemweleza mteja kwa nini saa yake ilisimama. "Sikugusa mbao. Andika hivyo. Mbao sikuzigusa."

"Hukuhitaji kuzigusa. Ulimtuma kufagia."

"Alipenda mwenyewe usafi."

"Mkeka wa maua uliuchagua wewe?"

"Yeye. Nilimwambia achague anaoupenda."

Koplo aligeuka, akatazama barabara kwa muda. Aliporudi, pingu zilikuwa tayari mkononi. Fundi Saa alinyoosha mikono, halafu akairudisha moja, akasogeza skrubu ndogo isianguke ukingoni mwa gazeti.

"Mwenye hii saa atakuja saa kumi," alisema. "Nani atamfungia?"

*

Inspekta alimaliza kuandika saa tisa na dakika hamsini. Jina kwenye jalada la faili lilikatwa kwa rula, likaandikwa jingine juu yake, na chini yake la pili, la dalali. Mwendesha mashtaka alilisoma amesimama, akatikisa kichwa, akaondoka nalo.

Mama Cherehani aliletwa kaunta. Koplo alimrudishia miwani yake, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, na kwa mara ya kwanza siku ile akamsomea kila mstari.

"Kwa hiyo sina hatia?" mama aliuliza.

"Sheria haina neno nawe," Inspekta alisema. "Uliyepaswa kumwambia ulimwambia. Yeye ndiye aliyeligeuza neno lako kuwa kitu kingine. Nenda, mama, ukapumzike."

Kwenye benchi la karibu na mlango wa kutokea alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, ameshika mkoba mapajani kwa mikono yote miwili. Alikuwa mama yake nesi. Alikuwa ameletwa kuandikisha maelezo, akamaliza, na hakuna aliyemwambia aondoke. Alisimama.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Nilikuwa," Mama Cherehani alisema. "Pole, mwenzangu. Pole sana. Wamemkamata aliyefanya."

"Nimeambiwa. Mkwe wangu. Asubuhi nilimpa chai." Sauti yake haikupanda. "Nataka nikuulize wewe jambo moja tu. Mwanangu alinipigia simu siku alipoiona hiyo nyumba. Alifurahi, alikuwa anaongea kama mtoto. Akasema, mama, nimemkuta bibi mwenyewe langoni anatoka kwenda kwa jirani, nikamsalimia, nikamuuliza, bibi, kuna jambo lolote humu ndani ninalopaswa kujua kabla sijahamia? Alikuuliza hivyo?"

Inspekta aliweka kalamu chini. Katika maelezo ya Mama Cherehani, kurasa tano, neno hilo halikuwemo.

"Aliniuliza," Mama Cherehani alisema.

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia..." Alirekebisha miwani. "Nilimwambia amuulize dalali."

"Na shimo ulikuwa unalijua."

"Nilikuwa nalijua, mwenzangu. Lakini niliambiwa nisi..."

"Alikuita bibi?"

"Aliniita bibi. Akanipokea na kikapu changu."

Mama yake nesi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeulizia njia akaelekezwa. "Haya," alisema. "Wamekufungulia. Nenda."

Akarudi kukaa kwenye benchi, palepale karibu na mlango, mkoba mapajani, macho yake yakiwa juu ya uso wa yule mzee. Hakutukana, wala hakulia. Alitazama tu. Ili mtu atoke kituoni, ilimlazimu apite mbele ya magoti yake.

Mama Cherehani alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Akasimama. Akageuka, akarudi kwenye kaunta, akashika ukingo wake kwa vidole vilivyojaa makovu ya sindano.

"Mwanangu," alimnong'oneza Koplo, "nirudishe kule ndani kidogo."

Koplo alitazama daftari la mahabusu lililofunguliwa mbele yake, akamtazama Inspekta, Inspekta akatazama pembeni.

"Siwezi, mama," Koplo alisema. "Hakuna kosa la kukuandikia."